Hatia ya Kadogo

Mwezi wa Desemba msichana mmoja wa kidato cha tatu, aliyekuwa amerudi Remba kwa likizo, alinirudishia kitabu nilichomwazima, na pamoja na kitabu akaniletea swali. Swali lilikuwa fupi. Kwa kuwa mwalimu huona haya kusitasita mbele ya mwanafunzi, nililijibu upesi, na jibu langu limenisumbua tangu siku hiyo. Msomaji wangu, ambaye yumkini umri wake ni sawa na wa msichana yule, ana haki ya kupewa jibu lililofikiriwa zaidi.

Remba ni kisiwa kidogo cha mawe katika Ziwa Victoria, upande wa Homa Bay. Nyumba za mabati zimesongamana juu yake hata njia kati ya ukuta na ukuta haitoshi watu wawili wanaopishana. Wakazi wake ni wavuvi, wachuuzi wa samaki, mafundi wa mashua na wauza chai, waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania. Usiku wavuvi wa omena hutoka na taa zao, na mtu akikaa juu ya jabali akatazama ziwa huona taa hizo zimetapakaa gizani kama anga la pili. Mahali kama hapo hadithi ya vita vya nyota haimwii kijana ngeni sana.

Kitabu chenyewe ni Ender's Game, kilichoandikwa na Mmarekani Orson Scott Card na kutolewa mwaka 1985. Ni hadithi ya kubuni ya kisayansi. Dunia imepigana na viumbe mfano wa wadudu kutoka nyota nyingine, na wakubwa wanaogopa kwamba viumbe hao watarudi. Wanatafuta jemadari wa kuwashinda. Nao, badala ya kumtafuta miongoni mwa watu wazima, wanamtafuta miongoni mwa watoto. Mvulana aitwaye Ender anachukuliwa kwa wazazi wake akiwa na umri wa miaka 6. Shule yake ni chombo kinachoelea angani, na masomo yake ni michezo ya vita, kila mchezo mgumu kuliko uliotangulia. Siku ya mtihani wa mwisho anashinda kwa kuiteketeza sayari nzima ya adui. Ndipo wakubwa waliokuwa wakimtazama wanapolia kwa furaha na kumwambia kwamba ule haukuwa mtihani. Mapigano yote aliyodhani kuwa mazoezi yalikuwa vita vya kweli, na watu aliowaamuru kwenda mbele walikufa kweli.

"Mwalimu," msichana aliniuliza, "mtoto yule ana hatia?"

"Hana," nilisema.

"Na akikua?"

Nilimwambia kwamba tutazungumza siku nyingine, kisha nikajitia katika kazi ya kupanga madaftari ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa. Sababu ya kufanya hivyo nitaieleza mbele, ingawa hainipi sifa.

Hadithi za namna hii ni nyingi. Katika The Hunger Games, cha Suzanne Collins, kilichotoka mwaka 2008, watoto wa miaka 12 mpaka 18 hupigiwa kura ili wauane mbele ya watazamaji. Wasomaji wengi wa Ulaya na Marekani husoma vitabu hivi kama onyo la mambo yajayo. Sisi tunaokaa kando ya Maziwa Makuu hatuna haja ya kungoja wakati ujao. Jambo lenyewe limepita mbele ya macho ya wazazi wetu, na hata jina lake ni neno la lugha yetu.

Jina hilo ni kadogo. Kiswahili sanifu hudogosha kwa ki-, tukasema kitoto na kijitu. Lakini Kiswahili cha bara, kwa kufuata lugha za wenyeji, husema katoto, kambuzi, kadogo. Mama humwita hivyo mtoto anayemwonea huruma. Katika vita vya msituni vya Uganda, vilivyoanza mwaka 1981, watoto waliojiunga na jeshi la Yoweri Museveni, wengi wao wakiwa wamefiwa na wazazi, waliitwa kadogo, na jeshi hilo lilipoingia Kampala Januari 1986 walikuwamo, bunduki zikiwagonga magotini. Miaka kumi baadaye jina likavuka mpaka. Waasi wa Laurent-Désiré Kabila walipoanza safari yao mashariki ya Kongo mwaka 1996 walikusanya kadogo kwa maelfu, wakavuka nao nchi nzima mpaka Kinshasa, ambako waliingia Mei 1997. Tarehe 16 Januari 2001 Kabila alipigwa risasi ofisini mwake na mlinzi kijana, anayetajwa kuwa mmoja wa kadogo wale wale.

Mimi ni mwalimu wa lugha, na neno hili hunitia simanzi. Kiambishi cha mapenzi kiligeuzwa kuwa cheo cha askari. Hata bunduki ikawa kama imedogoshwa pamoja na aliyeibeba; mtu akisikia kwamba kadogo wamepita kijijini, sikio lake husikia udogo kabla halijasikia mauaji.

Kwa nini mtoto? Sababu za kitabuni ni za fahari: mtoto ana akili nyepesi, hajui woga, huona njia ambayo mkubwa haioni. Sababu za msituni ni za aibu. Mtoto hula kidogo, hadai mshahara, huogopa kupigwa, na huamini anachoambiwa na aliye juu yake. Bunduki ya AK-47 ina uzito wa kilo 4 hivi. Pale ufuoni Remba mvulana wa miaka 11 hubeba mbuta mzito kuliko huo kutoka mashuani mpaka kwenye mizani, tena huku akiimba. Aliyetaka kumpa bunduki hakuhitaji kungoja akue.

Watu husema kwamba vita humnyang'anya mtoto michezo yake. Ni kweli, lakini hiyo ni sehemu ndogo ya hasara, na nafikiri wanaoishia hapo hawajatazama vizuri. Watoto wa Remba wana mchezo wanaouita Migingo, kwa jina la kile kisiwa cha jirani, kisichofika nusu ya uwanja wa mpira, ambacho Kenya na Uganda zimekigombania hasa tangu mwaka 2009. Kundi moja huwa Kenya, kundi la pili huwa Uganda, na jiwe moja huwa kisiwa. Hupigana kwa vijiti. Mara nyingi mmoja hulia, mwingine huvuja damu puani, na aliyempiga huitwa, hukaripiwa, huomba radhi. Kisha nawaona wote wanakula ugali katika sinia moja, Kenya na Uganda bega kwa bega. Nimefundisha kwa miaka kumi, na kama nimejifunza neno lolote katika kazi hii ni kwamba ujana ni muda ambao binadamu amepewa ruhusa ya kukosea kwa bei ndogo. Mtoto huvunja mtungi, akagombezwa. Huchukua samaki katika mtumbwi wa jirani, na mama yake akamrudisha kwa mkono ili akaseme mwenyewe alilolifanya. Husema uongo, ukajulikana, akaona haya mbele ya darasa zima. Kwa njia hiyo hujifunza uzito wa matendo kabla nguvu zake hazijatosha kutenda lililo zito. Mtoto aliyetiwa vitani hunyimwa makosa madogo. Kosa lake la kwanza ni kifo cha mtu, na hapana wa kumshika mkono amrudishe kwa aliyemkosea.

Mwandishi wa kitabu kile, nadhani, alilijua jambo hili. Kabla ya vita Ender aligombana na wavulana wawili kwa nyakati mbalimbali, na wote wawili walikufa kwa mapigo yake. Wakubwa wakamficha vifo vyao, kwa hofu kwamba akijua hatapigana tena. Walimwibia makosa yake. Msituni mambo yalifanywa kwa njia ya kinyume. Jeshi la Joseph Kony, Lord's Resistance Army, lililoanza kaskazini ya Uganda mnamo mwaka 1987, liliteka makumi ya maelfu ya watoto. Waliotekwa walilazimishwa kuwapiga au kuwaua wenzao waliojaribu kutoroka, na wengine waliamriwa kuwaua majirani na jamaa zao, ili waone kwamba nyumbani hapana tena wa kuwapokea. Ender alifichwa tendo lake. Watoto hawa walionyeshwa tendo mpaka wasione kitu kingine, wakafichwa njia ya kurudi.

Hofu ya kutekwa ilienea hata watoto wa vijiji vya Gulu na Kitgum wakawa, katika miaka ya 2003 na 2004, wakitembea kwa maelfu kila jioni kwenda kulala mjini, kwenye baraza za maduka na nyua za hospitali, kisha alfajiri wakarudi makwao na kwenda shule.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996 wapiganaji hao waliingia katika shule ya wasichana ya St Mary's College, Aboke, wakachukua wanafunzi 139. Kulipokucha Sista Rachele Fassera, Mwitaliano aliyekuwa makamu wa mkuu wa shule, na mwalimu John Bosco Ocen waliwafuata porini kwa miguu. Wakawafikia. Baada ya maombi mengi wapiganaji waliwaachia wasichana 109, wakawazuia 30, na baadhi ya hao 30 walifia huko. Hakuna kanuni ya kazi yetu inayomwamuru mwalimu kufuata bunduki mwituni kwa ajili ya wanafunzi wake, wala katika chuo cha ualimu nilikosoma hakuna aliyetaja jambo la namna hiyo. Nimejiuliza mara nyingi kama ningekwenda. Sipendi kuandika jibu.

Miaka tisa kabla ya usiku ule mtoto mwingine alikamatwa alipokuwa njiani kwenda shule. Mahakama baadaye ilikubali kwamba alikuwa na umri wa miaka 9 hivi. Huyo hakurudishwa. Jina lake ni Dominic Ongwen, na mwanafunzi Mjaluo hahitaji kufasiriwa jina hilo, maana Waacholi na Wajaluo ni ndugu kwa lugha: aliyezaliwa wakati wa kumbikumbi. Ningeweza kulikuta katika daftari langu la mahudhurio. Alikulia msituni, akapanda vyeo mpaka akawa kamanda wa kikosi kiitwacho Sinia. Katika miaka ya 2003 na 2004 kambi za watu waliohamishwa makwao huko Pajule, Odek, Lukodi na Abok zilishambuliwa, raia wakauawa, na watoto wakatiwa utumwani kama alivyotiwa yeye. Januari 2015 alijisalimisha katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague ilimwona na hatia ya makosa 61, na mwezi wa Mei ikampa kifungo cha miaka 25. Rufani yake ilikataliwa Desemba 2022. Majaji walisema kwamba matendo yale aliyafanya akiwa mtu mzima na lazima ayajibu. Walakini walimpunguzia adhabu kwa sababu ya utoto ulioibwa.

Hapo msichana wangu angesimama na kuuliza tena: na akikua? Watu wa kaskazini ya Uganda wenyewe hawakuafikiana. Wako waliosema kwamba dola iliyoshindwa kumlinda mtoto njiani kwenda shule haina uso wa kumshitaki. Waliofiwa wakajibu kwamba waliotekwa ni wengi, na wengi wao walitoroka, na si kila aliyetekwa aliamuru wengine watekwe. Wako pia waliotaka mato oput, ile desturi ya Waacholi ambayo ukoo wa aliyeua na ukoo wa aliyeuawa hunywa pamoja kinywaji cha mizizi michungu, baada ya kosa kukiriwa na fidia kutolewa. Nimezipima hoja hizi, na naona kwamba wengi wanaobishana hudhani hatia ni kama mkate, kwamba ukimmegea mmoja fungu lake, la mwenziwe lazima lipungue. Mimi sioni hivyo. Aliyemteka mtoto wa miaka 9 ana hatia nzima ya kumteka, pamoja na yote yaliyotoka katika tendo hilo. Mtu mzima aliyetuma kikosi Lukodi ana hatia nzima ya Lukodi. Kusema kwamba huyu wa pili hana hatia ni kuwaambia wafiwa wa Lukodi kwamba watu wao waliuawa na upepo. Hati ya kumkamata Kony ilitolewa mwaka 2005, na miaka 20 ikapita naye hajashikwa. Hilo halimpunguzii Ongwen kitu, wala kifungo cha Ongwen hakimpunguzii Kony.

Bado uko mpaka, na mpaka ni mgumu. Mahakama ile hairuhusiwi kumhukumu mtu kwa kosa alilolitenda kabla hajatimiza miaka 18. Sheria haina budi kuchagua siku, nami siilaumu. Lakini msituni hapana aliyekuwa akihesabu siku za kuzaliwa, na kijana hakulala mtoto akaamka mtu mzima. Mimi nadhani hatia huanza pale mtu anapoiona njia nyingine na kuwa na nguvu ya kuishika, na mahali hapo hapaonekani kwa mbali. Anayetaka kupaona lazima akae na mtu huyo, amwulize, amsikilize.

Sasa nitaeleza kwa nini nilijitia katika kazi ya madaftari.

Miaka michache iliyopita mimi na wenzangu wanne tulikuwa na kazi ya kuchagua mlinzi wa usiku, wa kulinda watoto na mali yao. Alikuja mvuvi mmoja kutoka kaskazini ya Uganda, mtu mkimya, asiyekunywa pombe, ambaye ufuoni watu walimwachia nyavu zao bila kuzihesabu. Tukamwuliza alisoma wapi. Angeweza kudanganya, nani angekwenda kuuliza? Akasema kwamba hakumaliza, kwa kuwa alitekwa mwaka 2002 akiwa na miaka 11, akatoroka akiwa na miaka 14. Akatoa karatasi yake ya msamaha wa serikali, iliyochakaa kwenye mikunjo, akaiweka mezani. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema. Nilisema kwamba watoto hawawezi kulindwa na mkono uliopata kuua. Sikumwuliza kama mkono wake uliua. Wenzangu walinisikiliza kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na cheti cha ualimu. Yule mtu alisema, "Haya, waalimu," akaikunja karatasi yake, akatoka.

Baadaye nilipiga hesabu nikaona kwamba yeye na mimi ni marika. Mwaka alioshikwa, mimi nilikuwa darasani nikichapwa kwa kutojua kujumlisha sehemu, na jioni nilirudi nyumbani nikalia kwa mama. Kesi ya Ongwen ilianza kusikilizwa Desemba 2016 na hukumu ikatoka baada ya miaka minne na zaidi, akiwa na mawakili na mtu wa kumfasiria kila neno. Mimi nilimhukumu mtoto wa miaka 11 kwa robo saa, chini ya bati, bila shahidi, kwa makosa ambayo hakuna aliyemshitaki. Naye alikuwa tayari amekwisha kufanya lile ambalo Ongwen hakulifanya kwa miaka mingi: aliiona njia nyingine, akaishika kwa miguu yake, usiku, akiwa mtoto.

Kwa hiyo nimemwandikia msichana yule, ambaye amekwisha kurudi shuleni. Nimemwambia kwamba Ender hana hatia, hata akikua, maana alifichwa. Ila ana mzigo, na mzigo si hatia. Mwishoni mwa kitabu anatumia maisha yake kusimulia habari za wale aliowateketeza, ili wasisahauliwe, na hapana aliyemdai afanye hivyo. Nimemwambia kwamba kwa wengine jibu langu si hilo, na kwamba asikubali kupewa jibu moja la watu wote, hata na mwalimu. Na habari ya mlinzi nimemwandikia vile vile, yote, bila kuacha neno nililolisema.

Nilipokwenda ufuoni kumtafuta niliambiwa kwamba amehamia Ringiti kufuata samaki. Wenzake wanasema yu mzima, na kwamba bado analala nje ya mlango, hata mvua ikinyesha. Kutoka Remba mpaka Ringiti si mbali. Mashua za abiria huenda na kurudi siku moja. Nauli ninayo. Sijaenda bado.